Uzi wa Sabuni

Mche mmoja wa sabuni, wa buluu,
Kabugho huukata kwa uzi, vipande saba,
akavianika juu ya kichanja cha vyombo.
Sabuni kavu haina haraka ya kwisha.

Mkaa hatununui; tunapogoa mibuni.
Chumvi ya Katwe, ya mawe, tunaiyeyusha,
mchanga ukituama ndipo tunaitia kwenye sombe.

Juzi shemeji Bwambale alipanda huku Kyarumba
kutoka Kasese, viatu vikimeta,
akacheka: "Dada, hata povu mnalihesabu?"
Kabugho hakujibu.
Akampa kipande kizima, akaoge mtoni,
kwenye maji yanayoshuka na baridi ya theluji.

Akarudi meno yakigongana, mikono mitupu.
Mto umemnyang'anya.

Tulicheka hadi moto ukatusahau, ukazimika.

Leo kichanjani vimebaki vitano
na juma hili, nimeambiwa, mashati yangu
yatafuliwa kwa maji ya jivu.
Basi nimeinama na chekecheke, nachekecha,
huku nikimtazama akiuviringa ule uzi kidoleni,
taratibu,
na kuurudisha kwenye kikopo cha vifungo.