Bila Kiputo

Keekee ya Neculai ilianza kunguruma saa mbili asubuhi,
theluji ya mwisho bado imelala chini ya miplamu.
Mita ya kwanza: udongo mweusi, wa kutamanisha jembe,
mizizi, kigae cha bakuli, mnyoo mmoja mnene.
Mita ya pili: mfinyanzi wa manjano, mgumu kama deni.
Mita ya tatu rangi ikageuka,
kijivu chenye ukijani,
na harufu ikapanda kabla mkono wangu haujafika.

Sikuhitaji mashine. Hata hivyo niliiwasha,
kwa sababu pua haikubaliki mahakamani.
Namba zikapanda, zikapanda, zikakataa kushuka.

Neculai akazima injini. Hakusema kitu.
Babake naye alikuwa wa kiwandani.

Hapa kila mtu alikuwa wa kiwandani.
Minara bado inaonekana ng'ambo ya reli,
mitatu, imekatwa vichwa,
na mafuta yaliyomwagika mwaka ambao hakuna anayeukumbuka
bado yako kazini huko chini,
yanatembea na maji, bila zamu, bila mshahara,
hatua chache kila mwaka, kuelekea kwa Veturia.

Bibi Veturia Ciocoiu alinionyesha kisima:
gurudumu la chuma, mnyororo,
kifuniko cha bati alichokipaka buluu kwa ajili ya Pasaka.
"Maji haya," akasema, "yalimlea Traian na wanangu wawili."
Nikateremsha kopo kwa kamba, taratibu,
maana ukilitupa maji yanashtuka
na kile unachokitafuta kinatorokea hewani.
Likapanda na utando juu yake,
zambarau, kijani, dhahabu.
Mzuri, Mungu anisamehe. Mzuri mno.

Nikajaza vichupa kimoja kimoja
mpaka maji yakavimba mdomoni,
nikafunga, nikapindua, nikagonga kwa kidole:
kiputo kimoja cha hewa, na safari nzima ni bure.
Nikaandika lebo. Tarehe, saa, kina,
jina la mwenye kisima.
Hapo akavaa miwani, akasogea.
"Ciocoiu. Wewe umeandika Ciocanu.
Barua yangu ya kwanza ilipotelea kwenye kosa hilohilo."
Nikabandua lebo sita, nikaandika upya.

Kisha akaleta sinia.
Vikombe vitatu vya kahawa, mvuke ukipanda,
na sukari katika kibakuli chenye ufa.
Neculai akaangalia viatu vyake.
Mimi nilikuwa na glavu mikononi
na adabu za mama yangu kooni.
Nilipiga hesabu, ndiyo, nilipiga:
fundo moja, siku moja, uzito wa mwili wangu.
Nikainua kikombe. Nikakigusisha mdomo.
Nikakirudisha sinianI kama mwizi arudishaye pochi.

Hakukasirika. Alicheka hadi akashika ukuta.
"Ya chupa hiyo, mwanangu. Ya dukani.
Mwaka wa tisa huu sijachota humu hata tone la kuoshea kuku.
Kila atokaye mjini namwekea kikombe.
Wa kwanza alikunywa, akaandika kwamba maji ni salama.
Wa pili akanywa, akaandika vilevile.
Wewe umeogopa.
Basi huenda wewe utaandika kweli."

Nikavua glavu. Nikainywa imeshapoa,
mpaka kwenye mashapo,
na mashapo yalinuka kahawa tu.

Maabara watachukua siku kumi na mbili.
Sanduku la barafu nililipakata mapajani njia nzima,
ingawa nyuma ya gari palikuwa na nafasi tele.
Kwenye kila tuta nilisikia vichupa vikigongana,
sita,
kila kimoja na jina lake,
limeandikwa sawasawa.