Safu ya Tatu

Pasi yangu ina jogoo wa chuma kwenye mfuniko.
Hawiki. Alfajiri namshika shingo, nafungua,
naipakia makaa mekundu tumboni,
naipepea mlangoni hadi cheche zikimbilie barabara ya Bugembe.
Kisha sketi za watoto wa watu, marinda kumi na mawili kila moja,
nazinyoosha kwa shilingi mia tano mia tano.

Juu ya bati letu zinapita nyaya nene.
Zinatoka bwawani, si mbali,
hazisimami kutusalimu.
Usiku wa mvua zinavuma
kama mtu aliyefumba mdomo huku ana jambo la kusema.
Bibi yangu alizaliwa akisikia maporomoko.
Alisema ngurumo ile ndiyo iliyobembeleza vichanga vya kijiji kizima,
na siku maji yalipopandishwa, pakawa kimya,
watoto walilia wiki nzima
wasijue wanalilia nini.

Mwaka jana tuliunganishiwa. Mita ikapigiliwa ukutani,
ndogo kama redio. Inaitwa Yaka.
Ni Kiganda, lakini Mswahili haimpi taabu: waka.
Amri hiyo. Ila anayeamriwa ni mkoba wangu.
Nilinunua pasi ya umeme kwa Waiswa, nyeupe, nyepesi kama njiwa,
nikanyoosha sketi tisa,
Yaka ikaanza kulia, pi, pi, pi,
kifaranga aliyepotezana na mamaye.
Sketi ya kumi nikarudi kwa jogoo.

Leo jioni Mutesi kaja na daftari.
Mwalimu amewachorea safu mbili:
nishati jadidifu, nishati isiyojadidika.
Jua kaliweka kushoto.
Upepo kushoto, ingawa kwetu hapa
kazi yake ni kuangusha nguo zilizokwisha kufuliwa.
Maji ya Kiira, kushoto.
Dizeli ya kinu cha Tenywa, kulia, moshi wake na kelele zake.
Mafuta ya Buliisa, tunayoyasikia tu redioni, kulia.
Kisha kalamu ikasimama.
"Mama, na makaa yetu?"

Nikamwambia mti hukua tena, andika kushoto.
Lakini mkono wangu ulikuwa ndani ya gunia.
Gunia hili limetoka Acholi, kwa lori, chini ya turubai, usiku.
Nikatoa kipande kizima, kizito,
ukikigonga kinalia kama kigae:
mti wa yaa, ule ambao mbegu zake
wanawake wa huko huzikamua mafuta ya kupikia na kupaka wachanga.
Kwenye mkato wake miduara bado inaonekana.
Tuliihesabu kwa ncha ya sindano, mimi na yeye, chini ya balbu.
Thelathini na nane, tukapotea, tukaanza upya.
Arobaini na mmoja.
Mimi nina thelathini na sita.
Kipande hicho kinatosha sketi tatu,
nne, kama kitambaa ni chepesi.

"Na maji, yanarudi?"
Maji yanakuja, nikamwambia, hayajawahi kuacha kuja.
Ngurumo ndiyo haikurudi.

Alikaa kimya, kifutio mdomoni.
Hakufuta kitu.
Akachukua rula, akachora safu ya tatu,
nyembamba, ukingoni kabisa, mahali pa sahihi ya mwalimu.
Akaandika: makaa.
Akaandika: ngurumo ya Bibi.
Juu, panapokaa jina la safu, akapaacha wazi.

Sijui kama atapewa vema au mkasi.
Nilitaka kumwuliza jina lake litakuwa nani, safu hiyo,
lakini Yaka ilikwisha kuanza, pi, pi,
na kesho ni Jumatatu, sketi ishirini na mbili.
Nikakigeuza kile kipande mkononi mara mbili,
nikamshika jogoo shingo.