Safari B

Gari lilitoka Japani na usukani wake kulia
likaja Ulaanbaatar, ambako barabara nayo ni ya kulia,
kwa hiyo kulipita lori ni kumwuliza abiria:
"Kunapitika?"
Abiria huyo, kwa miaka tisa, nilikuwa mimi.

Kioo chake mpaka leo kinaandika Kijapani.
Hatujui kinaonya au kinatuamkia.
Tarakimu tu ndizo tulizozielewa,
na baba alizisoma kama asomaye barua ya mwana aliye mbali:
nne nukta tatu.
Lita nne na kitu, kwa kilomita mia.

Taa nyekundu ingali mbali, yeye keshautoa mguu.
Injini inazima, gari linateleza kimya,
mishale ya kijani inarudi betrini mmojammoja
kama mbuzi wanaojua zizi lao.
Nyuma, honi. Nyuma, matusi.
"Breki," ananiambia, "ikanyage kama unaamsha mtoto,
gari litakurudishia nusu ya ulichotoa.
Ikanyage kwa hofu, halikurudishii kitu."

Januari, baridi nyuzi thelathini chini ya sifuri,
injini tumeifunika blanketi la sufi,
nambari inapanda: sita, sita na nusu,
naye anaugua nayo.
Anazima kipasha joto.
Mama Pagmaa, buti mpaka magotini,
pumzi yake ikiganda kiooni, anauliza:
"Dashnyam, unaweka akiba ya petroli
au unaweka akiba ya maiti?"
Joto linawashwa. Hadi taa ya pili.

Alikufa Machi, akiwa amejaza tangi jana yake.

Safari A huifuta kila nikijaza mafuta.
Safari B aliianza siku aliyostaafu,
hajaigusa tena, nami sijaigusa.
Kilomita elfu tano mia nane na sabini, zake,
kwa nne nukta nne.
Halafu zangu, juu yake:
zangu za kuchelewa kazini,
za kukanyaga mafuta taa ikiwa njano,
za kushindana na kijana wa teksi ambaye hata hakuniona.
Nne nukta tano. Nne nukta saba.

Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya umeme:
katika kila kilomita kumi za nambari hii,
sita bado ni zake.
Mwezi wa tisa zilikuwa saba.

Basi nikajifunza, kwa kuchelewa, mguu mwepesi.
Nikapunguza joto. Nikavaa glavu mbili.
Hadi jioni moja tunapanda Bayankhoshuu,
moshi wa makaa umelala juu ya paa,
injini inanguruma kilima kizima,
na mama akaunyosha mkono wake
akaongeza joto, nyuzi ishirini na mbili,
akaitazama nambari ikiruka,
akaongeza tena.
"Yeye alikuwa na nambari yake," akasema.
"Mimi nina magoti."

Fundi kaniambia: ikifika elfu tisa mia tisa tisini na tisa,
nukta tisa,
B hurudi sifuri yenyewe.
Haiulizi mtu.
Nikamwuliza kama kuna njia ya kuizuia.
Akafuta mikono kwa kitambaa, polepole,
akasema njia ipo: usiendeshe.

Zimebaki mia mbili na ushei.
Kazi ipo, mama ana daktari Alhamisi,
sukari imekwisha.

Asubuhi tunateremka kilima.
Mbele, taa tatu, zote nyekundu, mbali.
Nautoa mguu.
Injini inazima.
Lori la makaa nyuma yangu linapiga honi,
linapiga tena,
na mama, bila kugeuka, anasema:
"Liache lipige."