Mahali pa Kutua Mzigo

Tumeichora safari mgongoni mwa bili ya umeme,
umeme wenyewe umekatika tangu saa kumi,
na mshumaa unadondosha nta pale penye Mudaka.
Dada yangu Nsimire ana kalamu, na ana amri:
siku mbili, usiku mmoja, gari la shemeji Zihindula
ambalo honi yake hulia lenyewe likikata kona ya kushoto.
"Basi tutapiga honi kutoka Bukavu mpaka Katana," anasema,
"milima yote ni kona."

Anaandika: esansi, lita ishirini na tano.
Anaandika: makuta ya bariyeri, noti ndogondogo,
maana noti kubwa kwenye bariyeri haina chenji.
Sambaza za kukaanga. Ndizi. Koti la mvua.
Mimi nataka maporomoko. Nimeyaona kwenye kalenda
ya duka la dawa pale Nyawera, mwezi wa Agosti,
maji meupe yamesimama kama pazia lisilo na dirisha,
na huu mwaka wa tatu nakataa kuibandua Agosti hiyo ukutani.
Nsimire anataka kahawa: aione mtini ikiwa nyekundu,
aione ikioshwa, ikianikwa juu ya vitanda vya waya,
kisha mtu amtilie kikombe palepale, bila sukari,
kama wanavyokunywa wageni.

Mama yuko kando, anachambua maharage.
Vidole vyake havihitaji mshumaa.

"Miti mpaka Kavumu ni kilomita ngapi?"
nauliza, nikidhani namwuliza Nsimire.

"Ni kutua mara mbili," Mama anajibu.

Tunamtazama.

Anasogeza sinia, anachukua punje za maharage,
anaziweka moja moja juu ya bili yetu.
"Hapa palikuwa na jiwe bapa, urefu wa kiuno.
Unageuka, unaegemeza gunia, unalegeza kamba kwenye paji la uso,
unavuta pumzi. Hapa mti wa avoka, mwenyewe mkali.
Hapa hapakuwa na kitu, unapiga magoti tu.
Na hapa," punje inaangukia ziwani,
kwenye samawati ya kalamu ya Nsimire,
"mtumbwi ulikuwa unangoja, bila taa.
Ng'ambo walilipa zaidi.
Nabintu wa Ihusi alipanda ule wa pili."

Hasemi ule wa pili ulifika wapi.
Anarudi kwenye maharage yake.
Ule mstari unaokata paji la uso wake,
laini, kama njia ambayo majani yameifunika,
sisi tulidhani ni uzee.

"Na kahawa yenyewe, Mama, ilikuwa tamu?"

"Nitajuaje? Tulikuwa tunakunywa mchaichai.
Kahawa ilikuwa mzigo. Mzigo haunywewi."

Mvua inaanza kwenye mabati. Nsimire ameshika kalamu
na kalamu haiendi. Kisha anakata "mbili", anaandika "tatu".
Anakata "kiti cha nyuma: mizigo",
anaandika jina zima, lile la kwao, tusilolitumia:
Cibalonza M'Kaburhungu.
Sambaza zitakaa miguuni kwangu, tutazoeana.

Mama anasoma, midomo ikienda polepole.
"Kiti cha mbele," anasema. "Nyuma natapika.
Na hayo maporomoko yako, tulikuwa tunafua nguo pale chini.
Maji yake yanauma mpaka kwenye meno. Beba sweta."

Kuhusu kahawa, kimya.

Usiku wa manane nimeamka kusogeza ndoo
pale bati linapovuja. Bili iko mezani,
punje ziko palepale, kila moja na pumzi yake,
na moja imeongezwa, mbele ya Katana,
kwenye karatasi tupu
ambako ramani yetu ilikuwa haijafika.

Nimetafuta kalamu gizani.
Esansi: lita thelathini.