Kifungu cha Saba

Fomu yetu ina kurasa nne, vifungu kumi na viwili.
Niliiandika mwenyewe, huko Nuoro,
theluji ikiziba dirisha la maabara,
na cha saba nilikiona chepesi kuliko vyote:
Mshiriki ana haki ya kujua. Mshiriki ana haki ya kutojua.
Nukta. Nikanywa kahawa, nikalala.

Sikuwa bado nimekutana na mabinti wa Bachisio Murru.

Bachisio alitengeneza jibini ya kondoo kule juu, Sas Perdas.
Alipotimiza miaka arobaini na minne mikono ikaanza kucheza
ngoma ambayo hakuna aliyeipiga.
Maziwa yakamwagika. Kijiji kikasema: mvinyo.
Padri akasema: mvinyo. Hata mkewe akawa ananusa vikombe.
Akazikwa na sifa ya ulevi
mtu aliyekunywa maji ya chemchemi maisha yake yote.
Baada ya miaka kumi na tisa nikalisoma jina halisi la ugonjwa wake
katika tone la damu lililosahauliwa jokofuni,
nikadhani ukweli, ukifika, hubisha hodi.

Aliyekuja kwanza ni Battistina.
Alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba magotini.
"Nipime. Nina mchumba anayetaka watoto.
Usilolijua ni usiku wa giza, daktari,
nami nimechoka kupapasa."
Nikamwuliza kama ana ndugu.
"Mmoja, Grazietta. Siku moja, yai moja.
Mama alinifunga uzi mwekundu mguuni
asije akamnyonyesha mmoja mara mbili."

Kalamu yangu ikasimama.

Alhamisi akaja tena, nikamwamkia kwa jina.
"Mimi siye," akasema.
Akaweka jibini mezani, imefungwa kitambaa, kama mtu aliyekuja kulipa deni.
"Dada yangu anataka taa. Mimi sitaki.
Usiku huo mnaouogopa ndimo ninamolala,
ndimo ninamokanda mkate nikiimba.
Ukiwasha kwake,
mwanga utapita chini ya mlango wangu."

Kamati ya maadili ilikaa saa tatu na nusu.
Profesa Puddu alisema damu ni ya aliyechomwa sindano.
Mwanasheria wa Cagliari alisema vivyo hivyo, kwa Kilatini.
Sista Efisia, ambaye aghalabu husinzia, aliuliza
ni nani atakayemfundisha Battistina
uso wa kuvaa wakati wa chakula.
Karani hakuliandika swali hilo. Tukapiga kura.

Nilimchoma mwenyewe. Mirija miwili, vifuniko vya zambarau.
Aliapa kwa kaburi la babake:
liwe liwalo, halitamtoka kinywani.

Matokeo nayajua.
Yamo kwenye droo, na yamo hapa, chini ya ulimi.
Nawe unayesoma hukutia sahihi popote,
basi usinitazame hivyo.

Nitasema hili tu: Pasaka nilipita Sas Perdas.
Walikuwa uani, meza ndefu, mwanakondoo, majirani.
Battistina alicheka, meno yote nje.
Huenda ni kicheko chake cha siku zote,
huenda alikishona usiku mbele ya kioo;
mimi niliyeisoma karatasi sikuweza kutofautisha.
Grazietta alimmiminia maji, macho kwenye jagi.
Alimpa mkate, macho kwenye mkate.
Mama yao alinisindikiza hadi garini, akainama dirishani:
"Tangu Februari hajamtazama mwenzake usoni.
Wamegombana? Wewe hukuambiwa kitu?"

Nikasema sijui.
Nilisema hivyo, mimi, kwa sauti ya kawaida,
nikawasha injini.

Usiku ule niliifungua fomu.
Kifungu cha saba, baada ya neno mshiriki,
nikaandika na.
Nikafuta. Nikaandika tena.
Mshiriki na