Mia na Arobaini na Saba

Nilianza na nyepesi, kama kila mgeni:
punje mia na kumi na tano,
vichwa vya shaba vinavyong'aa kama viatu vya bwana harusi.
Nizar wa Upanga aliapa kwa hizo.
"Zinakimbia, fundi. Hujamaliza bismillahi, karatasi imetoboka."
Kweli, zilikimbia.
Lakini kila moja iliondoka na hasira zake,
ikanizaba kofi kavu la kiganja,
na kifundo hiki nilichokivunja Ilala,
nilipoanguka na ngazi nikitundika mizani ya bucha,
kikaanguka tena, na tena, kila nikifyatua.

Mimi ni fundi mizani, Mtaa wa Sikukuu.
Nimeona kilo za gramu mia tisa.
Nimeona jiwe la robo lililotobolewa tumbo
likajazwa nta, likapakwa rangi, likaapa.
Uzito nilidhani tunajuana.

Usiku nazima feni isipeperushe baruti.
Jasho linatambaa mgongoni,
maganda yamelazwa kwenye sufuria ya maji ya ndimu
yatoke meupe, tayari kuzaliwa mara ya nne.
"Ndimu za samaki," anasema Mwanaidi mlangoni,
"zimeishia kwenye vyuma vyako."

Nikapanda hadi mia na ishirini na nne. Afadhali.
Kisha nzito: mia na arobaini na saba,
ndefu, butu kama kidole gumba.
Nzito haitaki baruti nyingi.
Unaipa kidogo, inakwenda kwa mwendo wake,
na bastola haikupigi, inakusukuma,
kama mtu anayepita katikati ya watu msibani,
kiganja kifuani pako, samahani ndugu,
na ameshapita.
Kilengeo kinainuka, kinarudi, kinatulia.
Kunduchi, nyuma ya machimbo ya kokoto,
matundu yangu matano yalifunikwa na kizibo kimoja cha soda.
Juu kidogo ya nilipolenga, maana nzito hukawia mtutuni,
na mtutu hausubiri, unaanza kunyanyuka nayo ikiwa bado ndani.
Nikashusha kilengeo. Basi.

Basi ingekuwa basi. Tamaa ikaniingia.
Kama laini ni tamu, laini zaidi?
Nikapunguza, nikaonja, nikapunguza.
Nilitaka mshindo wa mlango
unaofungwa na mtu anayejua kuna mtoto amelala.

Siku ya mashindano, Sajini mstaafu Mwaipopo
alichota nane katika zangu,
akazipitisha juu ya kipima-mwendo,
akazidisha uzito kwa mwendo kwa kalamu ya risasi
(ndiyo, risasi ikaandikiwa hukumu na risasi),
namba ikagota chini ya mstari.
"Fundi, hizi zinabembeleza. Sheria inataka zigonge."
Sifuri.
Nizar hakucheka. Alininunulia tangawizi baridi,
na hilo lilikuwa baya zaidi.

Nyumbani nikaweka jiwe la gramu moja
juu ya mizani yangu mwenyewe.
Ikasoma zaidi ya gramu.
Masika yalikuwa yameula ukingo wa mhimili,
chumvi ya hewa, kutu nyembamba kama unyusi,
na miezi mitatu nilikuwa najipunja kila punje
juu ya kule kupunguza kwangu,
mimi niliyewaumbua watu Kariakoo kwa gramu tano.
Mganga hajigangi, sawa.
Hata kujipima?

Nikaunoa ukingo. Nikaanza upya.
Kwenye nyepesi sikurudi.
Arobaini na saba zilezile, baruti ya haki,
na msukumo mkubwa kidogo kuliko kifundo kinavyopenda.
Kinauma alfajiri, mvua ikipiga bati.
Mwanaidi anauliza nitapata nini,
medali ya aluminiamu?
Namwambia sijui.
Pale tu kilengeo kinaporudi mahali pake
bila kuitwa.

Ananitazama.
Anachukua ndimu mbili za mwisho
na kuzificha nyuma ya mtungi.