Mafuta ya Jozi

Kutaisi, Februari. Umeme umekatika tangu Jumanne.
Jikoni kwa shangazi Tsiala tumebaki na chemli moja,
utambi umeshushwa, mafuta ya taa yanapimwa kwa kifuniko.
Wameizunguka, wote wanne,
kama watu waliokopa mwanga
na mdai yuko mlangoni.

Mimi nimesimama na shuka. Turubai sina.
Ni shuka lake la harusi; nimelipaka gundi ya mifupa
hadi likakakamaa.
Mafuta ya kitani yaliadimika kabla ya sukari,
kwa hiyo rangi nazilainisha kwa mafuta ya jozi
aliyoyakamua mwenyewe, ya kuungia biringani.
"Kila tone ni tonge," ananiambia.
"Basi walau nichore nimeshiba."

Gizani rangi hazina majina.
Nazijua kwa mahali zilipo ubaoni,
kama vidole vijuavyo vifungo vya shati:
udongo wa kuchoma kushoto, nyeupe karibu na dole gumba,
buluu kule pembeni, nisiiguse.
Kwanza nalaza giza lote, jembamba,
kama chai ya majani yaliyochemshwa mara ya tatu.
Kisha nawatoa humo mmoja mmoja:
paji la Lamara, pua ya mumewe, kikombe,
kikombe kabla ya mkono,
maana chemli imekipendelea.

Zauri, kwenye kona, haji.
Namtafuta kwa brashi kama apapasaye kiberiti.
Hajasema neno la maana tangu kiwanda cha malori kifungwe.
Nimepata sikio. Nimepata ukosi wa koti.
Uso naubahatisha tu.

Asubuhi nikaipeleka picha dirishani.
Lahaula! Nyeupe yangu ilikuwa manjano,
na Zauri ana shavu la kijani,
kijani cha mkate uliosahauliwa.
Nikashika kisu nimkwangue.
Shangazi akanidaka kiwiko:
"Mafuta yangu hayo. Hukwangui kitu."

Mafuta ya jozi hayana haraka.
Wiki ya tatu picha bado inanata,
imekwishanasa majivu na unyoya mmoja wa kuku.
Usiku huo Zauri aliinuka, akaisogelea,
akabonyeza shavu lake la kijani
kama anayejaribu pasi,
akajifuta kwenye suruali, akarudi konani.

Umeme ulikuja siku ya pili, saa moja na nusu, ukaondoka.
Alama ya kidole iko palepale.
Ndiyo sehemu pekee ya uso wake
ambayo sikuibahatisha.